Siga ya zamani inywewe na nini

Kaka uliyeuliza kama hiyo siga ya Kuba uliyoletewa (ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa), iliyolala miaka 10, uipige na wiski, mi ningekwambia hapana, au basi isiwe zile wiski zenye ladha ya moshi. Siga ikikaa muda mrefu ule ukali wa amonia, gesi ya harufu kali inayotoka kwenye tumbaku, unapungua, inakua laini, harufu zake zinakua za chini chini, sasa ukiweka kinywaji kikali unazifunika zote na miaka 10 imeenda bure. Sisi watu wa Mbeya tuna bahati jamani, chukua kahawa ya Mbozi, arabika, isikaangwe mpaka iwe mkaa, bila sukari, na kipande cha chokoleti nyeusi, kakao ya Kyela ukiipata ndo raha kabisa. Ukitaka pombe, ramu iliyozeeka, kidogo tu.

Ila saa hizi usiiwashe kwanza, huu mwezi wa saba hewa yetu ni baridi na kavu, itakua imekauka njiani, iweke kwenye kopo linalofunga vizuri na kile kipakiti cha kutunza unyevu cha asilimia 65 hivi, wiki mbili tatu. Siku ukiiwasha kata kale kakofia ka juu tu, kajani kanakofunika ncha ya kuweka mdomoni, washa na njiti au kiberiti cha gesi, cha petroli kinaacha harufu, moshi uishie mdomoni usiupeleke kifuani, na kuvuta mara moja kwa dakika inatosha, ukiikimbiza inapata moto inakua chungu.