Jibu: Hiyo safu ya "kundi" kwenye rejista, ifute leo

Dada, weka kalamu chini. Nimesoma mpaka pale uliposema mratibu wenu wa kliniki ya mpakani amekuagiza uongeze safu ya "kundi" kwenye rejista, ili ijulikane majeruhi ni raia, mwanajeshi au mwasi. Nimeshindwa kunyamaza.

Nami niliagizwa hivyohivyo. Baada ya waasi wa M23 kuiteka Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, Juni 2022, nilitoka Kisoro upande wa Uganda nikaenda kufanya kazi ng'ambo, Kongo. Bosi mmoja aliyetuongoza kwa simu kutoka hotelini akasema wafadhili wanataka takwimu za kina. Nikachukua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: umri, kijiji, jeraha, kundi. Mwandiko wangu ni mzuri, bahati mbaya. Laiti ningeandika kama daktari!

Asubuhi moja wakaja wenye bunduki. Hawakupiga mtu wala kelele. Mkubwa wao aliomba rejista kwa adabu, akawa analowesha kidole kwa ulimi na kufunua kurasa, akishuka na safu ile moja tu. Alipolipata jina alilolitaka, kitanda kilikuwa kitupu. Kijana wa risasi ya paja alikuwa ameshang'oa kanula, ile sindano ya dripu mkononi, mwenyewe na kupitia dirisha la nyuma, kidonda bado wazi. Alifia njiani au alipona, sijui.

Habari zikaenea kwamba pale majina ya watu yanaandikwa ili wanajeshi wayasome. Wajawazito wakakoma kuja, na kina mama wenye watoto wa malaria pia. Bosi naye? Akapiga simu kuuliza kwa nini takwimu za mwezi zimeshuka!

Andika jeraha, usiandike upande. Risasi, paja, umri, dawa, basi. Mikataba ya Geneva ya 1949, kifungu cha 3, inataka majeruhi watunzwe bila ubaguzi. Itifaki ya Pili ya 1977, nyongeza ya mikataba hiyo, ambayo Uganda iliiridhia 1991, inakataza kumwadhibu mtabibu kwa sababu ya mtu aliyemtibu. Ila kuhusu taarifa za mgonjwa, kifungu chake cha 10 kinaziachia nafasi sheria za nchi, yaani sheria ya nchi yaweza kukulazimisha uzitoe. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya Geneva huku rejista imelala mezani imejaa majina na makundi.

Posho na chanjo ulizouliza, wengine watakujibu. Mratibu akikubana, mwombe agizo hilo kwa barua yenye sahihi yake. Wangu nilipomwomba, mtandao ulikatika palepale.