Mbwa wa miezi 9 anayetafuna kila kitu na kuangusha watu

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Njiro, Arusha. Mbwa wetu Simba ni dume la German Shepherd, ana umri wa miezi 9 na uzito wa kilo 31. Kwa miezi miwili sasa ametafuna viatu, mguu wa kochi, mpira wa kumwagilia bustani na fremu ya mlango wa stoo. Jioni nikifungua geti hunirukia hadi kifuani, na wiki iliyopita alimwangusha mama yangu wa miaka 71 aliyetoka Machame kututembelea. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba na usiku huachiwa ili alinde. Kijana anayetusaidia kazi humchapa fimbo kila anapomkuta na kiatu, na sasa Simba ameanza kunguruma akisogelewa. Jirani anatushauri tumlishe pilipili na tumfunge muda mrefu zaidi. Je, mbwa huyu ameharibika? Tumhasi, au tumpe mtu mwingine?

JIBU: Marahaba. Kwanza nikupe pole kwa mama. Mtu wa umri wake akianguka, nyonga na kifundo cha mkono huumia kwa urahisi, kwa hiyo kama bado analalamika maumivu, mpelekeni hospitali apigwe picha.

Simba hajaharibika, na kwa maelezo yako sioni sababu ya kumtoa nyumbani. Mbwa wa aina kubwa huwa na mwili wa mtu mzima muda mrefu kabla ya kuwa na akili ya mtu mzima: German Shepherd wa miezi 9 anakaribia kimo chake cha mwisho, lakini utulivu wake mara nyingi hukamilika anapokaribia miaka 2. Katikati hapo ndipo wenye mbwa wengi hukata tamaa, kwa sababu mtoto aliyekuwa akiitwa na kuja sasa anaitwa na kugeuza kichwa upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuwaongoza vipofu. Mbwa hao walipofika miezi 8 walisitasita kutii amri ya kukaa zaidi ya walivyofanya wakiwa na miezi 5, lakini kusitasita huko kulionekana kwa mlezi wao; mtu mgeni alipotoa amri ile ile hawakumfanyia hivyo. Nimeutaja utafiti huu kwa sababu wengi hudhani mbwa anawadharau, wakaanza kumwadhibu kwa dharau ambayo haipo. Ni kipindi cha balehe, na kinapita, isipokuwa tabia zinazopata faida ndani ya kipindi hicho hubaki.

Neno hilo, faida, ndilo ninalokuomba ulishike katika yote yanayofuata. Mbwa hurudia kile kinachomlipa. Kabla ya kuuliza Simba azuiwe vipi, jiulize kila tendo linamlipa nini na ni nani anayemlipa. Anapokurukia getini, hata ukimsukuma kwa mikono miwili huku ukimfokea, amepata alichokitaka: umemtazama, umemgusa, umesema naye, baada ya kukaa peke yake mchana kutwa. Anapookota kiatu, kijana anamkimbiza, na kukimbizwa ni mchezo hata kama mwisho wake ni fimbo. Fremu ya mlango humlipa kwa namna nyingine, kwa kuwa kutafuna kwenyewe humtuliza mbwa aliyechoshwa na upweke.

Kwa hiyo nianze na mnyororo, kwa sababu hapo ndipo ninapoona chanzo kikubwa. Ratiba ya kufunga mchana na kuachia usiku ni ya kawaida sana kwetu, na naelewa imetoka wapi, kwa kuwa watu wanataka ulinzi. Hata hivyo, kwa mbwa kijana ratiba hiyo inaharibu mambo mawili kwa pamoja. Mchana hana la kufanya ila kusikia kila bodaboda na kila mpita njia bila kuweza kwenda kuona, na hamasa hiyo hujikusanya hadi unapofungua geti jioni. Usiku naye halali, kwa sababu ameachiwa ua mzima peke yake na kila kishindo kinamwita. Mbwa wa umri huu anahitaji kulala zaidi ya nusu ya saa 24, na asipolala huwa kama mtoto mdogo aliyepitisha muda wake wa kulala: hukimbia ovyo, hung'ata mikono, hasikii. Wenye mbwa wakiona hivyo husema ana nguvu nyingi mno na kumwongezea mazoezi, kumbe kinachohitajika ni usingizi.

Badilisha ratiba hiyo. Mtengenezee banda au uzio ndani ya ua wenye kivuli, maji na mahali pakavu pa kulala, na umweke humo saa ambazo hakuna wa kumwangalia, mchana na pia sehemu ya usiku. Atawabwekea wageni akiwa humo bila tatizo. Asubuhi mapema, kabla barabara haijajaa, mtembeze kwa kamba dakika 20 hadi 30, na jioni tena, ukimwacha anuse majani na mawe kadiri anavyotaka, kwa maana kunusa humchosha mbwa kwa namna nzuri kuliko kukimbia. Usimkimbize nyuma ya baiskeli wala pikipiki. Katika mbwa wakubwa sehemu laini za mifupa zinazokua hufungika kati ya miezi 12 na 18 hivi, na kabla ya hapo mbio ndefu kwenye lami na kuruka kutoka juu huweza kuharibu viungo. Kabla ya kuanza kumtoa nje ya geti, hakikisha chanjo zake zimekamilika, hasa ya kichaa cha mbwa.

Sasa kutafuna. Meno 42 ya kudumu huwa yametimia karibu na miezi 7, kwa hiyo Simba hasumbuliwi tena na meno yanayoota, ingawa nakushauri umfunue midomo uangalie kama kuna jino la utoto lililobaki kando ya chonge, kwa sababu hilo hukusanya uchafu na kuumiza fizi. Anatafuna kwa kuwa mbwa kijana lazima atafune. Kazi yenu ni kuamua atafune nini. Kwa wiki 6 zijazo viatu viingie ndani au juu ya rafu, mpira wa bustani ukunjwe na kutundikwa, na mlango wa kwenda kwenye kochi ufungwe saa ambazo hakuna mtu. Watu wengi hupuuza hatua hii wakitaka mbwa ajifunze kuacha kiatu kilicho mbele yake, lakini kila kiatu anachofanikiwa kukitafuna ni somo lingine la kutafuna viatu.

Kisha mpe vya kwake. Mpira mgumu wenye tundu ambao unaweza kuujaza uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa waliosagwa, ukauweka kwenye friza usiku kucha, humshughulisha mbwa muda mrefu. Karoti nene kutoka Soko la Kilombero, zikigandishwa, ni nafuu na hazina madhara. Mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko mdomo wake, unafaa mara moja moja kwa dakika 20 chini ya macho yako, nawe unawe mikono baadaye. Kipimo changu ni kimoja: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, na kama ukucha hauachi alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno na kinaweza kumvunja jino. Kwato zilizokauka zinaanguka katika kundi hilo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe kamwe, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha. Wala usimpe kiatu kikuukuu awe nacho, kwa sababu hana namna ya kutofautisha cha zamani na kile ulichonunua jana.

Chakula chake kingine mnyunyizie kwenye nyasi akitafute kwa pua badala ya kukimwaga kwenye sahani. Kwa mbwa kama Simba, hilo peke yake huchukua robo saa ya asubuhi ambayo angeitumia kwenye fremu ya mlango.

Hapa kwetu kuna vitu ambavyo mbwa anayetafuna ovyo huvipata kwa urahisi na ambavyo vinaua. Magunzi ya mahindi na kokwa za parachichi hukwama kwenye utumbo na kuuziba, na mbwa huyo huhitaji upasuaji. Sumu ya panya na dawa ya kuogeshea ng'ombe zisikae kwenye stoo ambayo mlango wake tayari ameanza kuula. Mkienda naye Machame, asiachwe karibu na kahawa iliyoanikwa, kwa sababu kafeini huupeleka moyo wa mbwa mbio na kumtia mitetemeko. Jambo jingine ambalo ningependa kila nyumba inayofuga mbwa Arusha ilifahamu ni kuhusu mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanayotupiwa mbwa siku ya kuchinja. Humo huwa na vifuko vya maji vya tegu aina ya ekinokokasi. Mbwa akivila hupata tegu hao bila kuonekana mgonjwa, halafu mayai yanayotoka na kinyesi chake humwingia binadamu na kumwotesha vifuko hivyo hivyo kwenye ini au mapafu. Yachemsheni sana au yafukieni, na Simba apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba atakayopangiwa.

Kuhusu kuruka, nyumba nzima ikubaliane juu ya sheria moja: Simba hupata macho, sauti na mkono wa mtu pale tu miguu yake yote minne ipo chini. Ukifungua geti akaruka, geuka umpe mgongo, nyamaza, usimguse. Akishuka, hata kwa sekunde mbili, inama umpe dagaa mmoja asiye na chumvi chini, usawa wa kidevu chake. Siku za mwanzo ataruka zaidi kuliko zamani, kwa kuwa njia iliyokuwa ikimlipa imeacha kulipa naye anaijaribu kwa nguvu zote. Hapo ndipo watu husema mbinu imeshindwa, wakati ndipo inapoanza kufanya kazi. Mtu mmoja akiendelea kumchekea anaporuka, kazi ya wengine wote inapotea. Sambamba na hilo, mfundisheni kukaa mara tano sita kwa siku, kila mafunzo dakika 3 tu, kwanza mahali pa utulivu, baadaye karibu na geti.

Mama yako asihusishwe katika mafunzo haya. Mtu wa miaka 71 hawezi kusimama imara mbele ya kilo 31 zinazokuja kwa kasi, na sheria ya kugeuka mgongo si salama kwake. Kabla hajaingia, Simba awe bandani au ashikwe kamba na mtu mzima mwenye nguvu, na afunguliwe baada ya nusu saa msisimko ukishashuka. Kama kuna watoto, wafundishwe kusimama wima na kukunja mikono kifuani anapowasogelea, maana mtoto anayekimbia huku akipiga kelele anakuwa kitu cha kufukuzwa.

Sasa nizungumzie fimbo, na hili nalisema kwa uzito kuliko mengine yote. Kunguruma kwa Simba ni ilani. Anasema anaogopa kitakachofuata mtu akimkaribia akiwa na kitu mdomoni, na ana sababu ya kuogopa. Mkimchapa kwa kunguruma, anaweza kuacha kunguruma na kupitiliza moja kwa moja hadi kung'ata, na atakayeng'atwa huenda asiwe mwenye fimbo, awe mtoto aliyekwenda kuchukua ndala yake. Fimbo iwekwe chini leo. Zungumza na kijana wako kwa upole, kwa sababu amekuwa akifanya alichofundishwa, na umwoneshe njia ya kubadilishana: anamkaribia Simba kwa utulivu, anamwangushia dagaa watatu wanne hatua moja kutoka alipo, mbwa akiachia kiatu na kufuata dagaa, kiatu kinaondolewa bila purukushani. Fanyeni hivyo pia kwa vitu vyake halali, kisha mrudishieni, ili ajue kuwa mkono unaokuja si mkono wa kunyang'anya. Kama ameshikilia kitu kisicho na hatari na anakakamaa mwili, mwacheni nacho.

Pilipili haifundishi ulinzi. Huunguza mdomo na tumbo, na mbwa mwenye maumivu huwa mkali kwa yeyote aliye karibu, kwa kawaida watu wa nyumbani. German Shepherd atabweka kwa mgeni bila kufundishwa.

Kuhasi hakutaondoa kutafuna wala kuruka. Hupunguza kuzurura kutafuta majike na kukojolea vitu, na ni jambo jema kwa mbwa asiyekusudiwa kuzalisha, lakini kwa aina hii muda una maana. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kuwa madume ya German Shepherd yaliyohasiwa kabla ya mwaka mmoja yalipata magonjwa ya viungo kwa takribani asilimia 21, wakati yale ambayo hayakuhasiwa yalikuwa asilimia 7. Mimi ningesubiri hadi miezi 18 au zaidi.

Yapeni haya wiki 6 hadi 8. Mlete kwa daktari wa mifugo mapema zaidi ukiona anakula udongo au plasta ya ukuta, kwa kuwa huenda ana minyoo, upungufu wa damu au chakula kisichomtosha. Au kama ananguruma hata asipokuwa na kitu. Au kama ameng'ata na kutoboa ngozi. Katika hali hiyo ya mwisho, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kadi ya chanjo ya Simba iko sawa. Akitapika mara kwa mara, akakataa chakula au akakosa choo baada ya kitu kupotea nyumbani, usisubiri kesho.