Gari la Mmarekani: Uliza Injini na Mwaka Kabla ya Jina

Hapa Columbus, Ohio, wapenda magari wa Afrika Mashariki wakikutana, haichukui muda mabishano kuanza. Huyu anaapa kwamba gari la Mmarekani ni la kumfilisi mtu kwa mafundi. Yule anajibu kwamba Mjapani hana nguvu wala raha ya safari ndefu. Nimenunua na kutengeneza magari ya hapa kwa miaka, na nimewasindikiza ndugu wengi waliofika karibuni kwenda kukagua gari lao la kwanza. Ushauri wangu kwao wote ni ule ule: jina la kampuni halikwambii gari litadumu au halitadumu. Uliza ni injini gani, giaboksi gani, ya mwaka gani.

Chukua Ford. Crown Victoria, lile gari la polisi na teksi, lilitengenezwa hadi 2011. Lina chesi yake imara chini ya bodi na injini ya V8 ya lita 4.6 ambayo haina papara. Madereva wa teksi walilipenda kwa sababu likigongwa linanyooshwa na kurudi barabarani. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Focus ya 2012 hadi 2016 yenye giaboksi ya PowerShift, ya kluchi mbili kavu, iliyojulikana kwa kutetemeka gari linapoondoka kwenye taa. Wamiliki walishtaki kwa pamoja na kesi ikaisha kwa makubaliano ya kulipwa fidia. Sasa niambie, Ford ni nzuri au mbaya? Hata hiyo Crown Victoria, za kati ya 1996 na 2001 zina manifoldi (ile sehemu inayogawa hewa kwenye silinda) ya plastiki iliyozoea kupasuka pale maji ya rejeta yanapopita. Ukiikuta imeshabadilishwa, endelea na mazungumzo. Kama haijabadilishwa, punguza bei.

Kwa upande wa GM, yaani General Motors, napenda sana Buick LeSabre, hasa ya miaka ya mwisho kabla halijasimamishwa 2005. Injini yake ya V6 inayoitwa 3800 ni ya chuma, ya kizamani, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Tena wenyewe mara nyingi ni wazee wastaafu waliolipeleka kanisani na dukani, wakamwaga oili kwa wakati na kutunza risiti zote. Angalia tu gasketi ya manifoldi na vile viunganishi vidogo vya plastiki vinavyopitisha maji, kwa sababu vikizeeka vinakatika. Lakini upendo huo usiuhamishie kila gari la GM. Chevrolet Cobalt, lililoundwa hapa hapa Ohio, Lordstown, lilikuwa miongoni mwa magari yaliyoitwa yarudi kurekebishwa 2014 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyoweza kujizima gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa isifunguke. Vifo 124 vilihusishwa na swichi hiyo. Kwa hiyo, gari lolote utakaloliona, chukua namba yake ya VIN, ile namba ya utambulisho wa gari, uiweke kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani. Ni bure, na utajua kama kuna urekebishaji uliotangazwa ambao bado haujafanywa.

Jeep nayo ina mashabiki wakali, na wana haki. Ile injini ya lita 4.0 ya silinda sita za mstari, iliyotumika 1987 hadi 2006, ni ngumu kweli kweli. Ila wanaoitumia kuisifu Chrysler wakumbuke kwamba ilibuniwa AMC, kampuni ambayo Chrysler iliinunua 1987 pamoja na Jeep yake. V6 ya Chrysler ya lita 2.7, iliyokuwa kwenye Dodge Intrepid, inafahamika kwa oili kuganda ikawa tope jeusi. Hiyo mimi siigusi hata kwa bei ya bure.

Na kuna Pontiac Vibe, gari ninalolitaja kila mabishano yanapopamba moto. Liliundwa Fremont, California, katika kiwanda cha ubia wa GM na Toyota, kwa injini ya Toyota na giaboksi ya Toyota. Ni ndugu wa damu wa Toyota Matrix. Pontiac ilifungwa 2010, basi watu wanaogopa jina na bei inashuka. Mwenye bajeti ndogo namwambia alitafute hilo. Wakati huo huo, Honda Accord zilianza kuundwa Marysville, safari fupi kutoka hapa, mwaka 1982. VIN ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani, haidhuru nembo ya mbele.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ni la moto, uliza sababu, kwa maana injini baridi ndiyo inayosema ukweli. Fungua kifuniko cha oili na utazame upande wake wa ndani. Ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili. Ukiona tope jeusi limeganda, mshukuru mwenye gari na uende zako. Kisha washa, zima redio, usikilize zile sekunde za mwanzo.

Kwa ndugu wa Kenya wanaofikiria kulisafirisha nyumbani: gari la kawaida lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi kuingia, wala lililozidi miaka minane. Jeep Wrangler za usukani wa kulia zipo hapa Marekani, huundwa kwa ajili ya wapeleka barua wa vijijini. Ukiipata, thibitisha tarehe iliposajiliwa mara ya kwanza kabla ya kulipa hata dola ya kuishikilia.