Usianze na sukuma: ushauri wa mwalimu aliyelima kwenye magunia

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya kibinafsi hapa Nakuru. Mshahara wa Machi ulikuja nusu. Wa Aprili haukuja, na wa Mei hata hatukuuliza. Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja Kaptembwa, na nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya akianza kulima nyuma ya nyumba: nilienda nikanunua miche ya sukuma wiki.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama mzee wa Kakamega. Ploti nzima tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alinitazama nikipanda, akaniuliza, "Mwalimu, hiyo utaila lini?"

"Baada ya miezi miwili hivi, Kukhu."

"Na kesho?"

Swali hilo ndilo ushauri wangu wote, mengine ni maelezo tu. Sukuma ukishaihamisha kutoka kitaluni huchukua wiki sita hadi nane ndipo uanze kuichuma kwa maana. Mtu mwenye njaa hana wiki nane. Terere, yaani mchicha, unamwaga mbegu, na baada ya wiki tatu hivi unang'oa miche iliyosongamana na kuipeleka moja kwa moja kwenye sufuria. Inayobaki inapata nafasi ya kunenepa. Majani ya kunde nayo hayachelewi sana. Kwa hiyo anza na hizo mbili. Sukuma ipande siku hiyo hiyo, lakini uichukulie kama akiba, si chakula cha mwezi huu.

Shamba sikuwa nalo. Nilikuwa na nafasi ya hatua nne kati ya bafu na ukuta, na ruhusa ya mdomo ya mwenye ploti. Hapo ndipo magunia yalipoingia. Tafuta gunia la plastiki la kilo 90, lile la mahindi. La katani huoza upesi. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi iliyooza. Chukua mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, uukate juu na chini ubaki kama bomba. Usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake, uuzungushie udongo, kisha uvute mkebe juu uache mawe pale. Rudia hivyo hadi gunia lijae. Mwishowe unakuwa na nguzo ya mawe inayopita katikati, na maji unayomwaga juu hushuka na kusambaa kila upande. Toboa matundu ubavuni upande sukuma. Juu mwaga terere. Na gunia ulijazie palepale litakapokaa, maana likishajaa hakuna wa kulibeba.

Gunia la pili niliona uvivu nikaruka hiyo kazi ya mawe. Miche ya juu ikaoza kwa maji, ya chini ikakauka. Gunia moja lenye masika na kiangazi.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa samadi ya kuku. Niliipata bure, mbichi, bado inanuka hadi machozi yanatoka, nikaichanganya siku hiyo hiyo. Asubuhi ya tatu miche yote ya magunia mawili ilikuwa imeungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Samadi ya kuku ina nguvu. Ilundike, uinyunyizie maji kidogo, uifunike, uisahau miezi miwili au mitatu. Ukishaigusa na ukakuta haina joto tena, ndipo uitumie.

Udongo wenyewe pia uuchague. Ule wa jaani ni mweusi na unavutia sana, lakini hujui betri ngapi kuukuu zimepasukia pale, na madini ya risasi yaliyomo kwenye betri hayaozi. Vivyo hivyo maji ya mtaro wa choo. Najua wapo wanaoyatumia na mboga zao zinapendeza kuliko zangu. Mimi siwezi kuwalisha watoto mboga hizo.

Maji ndiyo taabu ya Nakuru. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, hunywa maji haraka na kuyaachilia haraka, na mfereji hautoki kila siku. Sisi tulitumia maji ya kuoshea mchele na mboga, na yale ya kusuuza nguo mara ya mwisho. Yenye dawa ya kung'arisha nguo, hapana. Mwagilia jioni, kisha ufunike juu ya udongo kwa majani makavu.

Mrenda, yaani mlenda, ulinishinda kabisa mwanzoni. Nilipanda mara mbili, hakuna kilichoota, nikamlaumu aliyeniuzia mbegu. Kukhu akacheka. Akafunga mbegu kwenye pindo la leso, akaitumbukiza ile pindo kwenye sufuria ya maji yaliyotoka tu kuchemka, akahesabu hadi kumi kwa Kiluhya, akaitoa na kuimwagia maji baridi. Ganda la mbegu ya mrenda ni gumu, lazima lishtuliwe. Safari hiyo ziliota hadi nikaanza kugawa miche. Saga, yaani mgagani, nayo usiihamishe, mzizi wake haupendi. Ipande pale itakapokulia, na kila ikitoa maua uyavunje ili iendelee kutoa majani. Sukuma chuma majani ya chini, ukiacha matano au sita ya juu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu pesa. Magunia saba hayakutushibisha. Mboga si unga, wala haijipiki bila mafuta na makaa. Ila tulikuwa tunatumia kama shilingi 40 kwa siku kwa mboga, ambayo ni 1,200 kwa mwezi, karibu nusu ya kodi yangu ya wakati ule. Hizo ndizo zilizonunua unga. Na mama wa dukani, ambaye deni langu kwake lilishaanza kuniondolea usingizi, alikubali managu, yaani mnavu, badala ya sehemu ya pesa. Hilo sikulitarajia. Kumwendea mtu anayekudai ukiwa umebeba kitu mkononi ni tofauti kabisa na kumwendea mikono mitupu.

Nakuru ilipofungwa pamoja na kaunti nyingine nne, Machi 26, 2021, shule zikasimama tena, lakini safari hiyo sikuwa na haraka ya kununua chochote. Mbegu zilikuwa kwenye chupa. Na mwaka uliofuata, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, tulilalamika kama watu wote, ila bila hofu ile ya mwanzo.

Mwenye ploti alijenga vyumba vingine viwili, nikabaki na magunia matano. Kukhu alirudi Kakamega. Akipiga simu huuliza mrenda kwanza, watoto baadaye. Wiki jana nilimwambia kuku wa jirani wameingia wakaparua gunia zima.

"Na hao kuku, Mwalimu," akaniuliza, "nao si wanaliwa?"