XML bado ina kazi kwenye tovuti yako

Wanaoanza kutengeneza tovuti huniuliza kama kuna haja ya kujifunza XML, namna ya kuandika data ndani ya vitambulisho kama vya HTML, wakati data nyingi siku hizi husafiri kwa JSON, muundo mwingine wa data. Nawajibu kwamba ipo, kwa sababu nimeshaona kurasa mpya za mteja zikikaa wiki mbili bila kuonekana kwenye injini za utafutaji kwa kosa la alama moja.

Tovuti hiyo ilikuwa na sitemap.xml, faili linaloziambia injini za utafutaji kurasa zilipo. Nililiandika kwa kuunganisha vipande vya maandishi ndani ya PHP, lugha ya programu ya upande wa seva. Siku moja ikaingia anwani kama hii: `bidhaa?aina=3&rangi=bluu`. Kwenye HTML, kivinjari kingevumilia. XML haivumilii: tangu toleo la 1.0 lilipotoka Februari 1998, kosa la muundo huilazimu programu inayosoma faili kusimama hapo hapo. Ile `&` ilipaswa kuwa `&amp;`, na kila anwani iliyoifuata ikapotea.

Tangu hapo siunganishi maandishi kwa mkono. Natumia XMLWriter kwenye PHP au ElementTree kwenye Python, nazo hubadilisha alama hizo zenyewe. Kabla ya kupakia faili naendesha amri ya kukagua XML, `xmllint --noout sitemap.xml`: ikinyamaza, muundo uko sawa, kosa likiwepo, inataja namba ya mstari. Angalia pia mwanzo wa faili. Mstari mtupu mmoja kabla ya `<?xml` unatosha kuliharibu, na mara nyingi chanzo ni faili jingine la PHP lenye mistari iliyoachwa baada ya `?>`. Zikifika anwani zaidi ya 50,000, gawanya faili.

Milisho ya RSS, orodha za XML za makala au vipindi vipya, ndiyo inayobeba podikasti hadi leo. Hapa sisi tunaotengeneza tovuti za Kiswahili tuna mtego wetu: `pubDate`, yaani tarehe ya kuchapishwa, inataka majina ya siku na miezi kwa Kiingereza, mfano `Tue, 05 Mar 2024 09:00:00 +0000`. Mfumo ukitafsiri siku kuwa Jumanne, programu nyingi zitashindwa kupanga vipindi.

SVG, muundo wa picha za michoro kama ikoni, nayo ni XML, na mimi naipenda kuliko zote. Fungua ikoni kwenye kihariri cha maandishi, weka `fill="currentColor"`, kisha ibandike moja kwa moja ndani ya HTML; itafuata rangi ya maandishi yaliyoizunguka. Ila usiruhusu watumiaji wapakie SVG bila kuzisafisha, maana zinaweza kubeba JavaScript.

Tahadhari hiyo hiyo inahusu XML yoyote inayotoka nje. DOCTYPE, tamko la mwanzoni mwa faili, iliyoandikwa kwa nia mbaya inaweza kuiagiza seva isome faili zake za siri na kuzitoa. Kwenye PHP, unaposoma XML usiweke chaguo la `LIBXML_NOENT`. Jina lake linadanganya: linasikika kama linazuia entiti (majina mafupi ambayo XML huyabadilisha kuwa maandishi au yaliyomo kwenye faili), kumbe ndilo linaloruhusu zipanuliwe.