Platini Haifyonzi

Mwalimu wa kemia ameniuliza: anapowaeleza wanafunzi wa kidato cha sita jinsi hidrojeni inavyokaa kwenye elektrodi ya platini, yaani kipande cha metali kinachopitishia umeme kwenye kimiminika, aseme "hufyonzwa", aseme "hunaswa", au aandike tu "adsopsheni", neno la kigeni la kitu kushika juu ya uso wa kingine, yaishe?

Afadhali ameuliza, maana kitenzi kufyonza kimenichosha. Udongo hufyonza maji, sawa. Majani hufyonza mwanga, haya. Soko la ajira nalo siku hizi hufyonza wahitimu, na hilo nimelimeza kwa shida. Lakini "hidrojeni hufyonzwa juu ya uso wa platini", ambayo nimeikuta mara nyingi mno kwenye madokezo ya shule, ni sentensi inayojipinga yenyewe. Anayefyonza huingiza ndani. Kilichobaki juu ya uso hakijafyonzwa na mtu. Tazama kibao cha kusukumia chapati: unga hushika juu na kitambaa kinautoa, ila mafuta yaliyozama kwenye mti hayo ndiyo yaliyofyonzwa. Hakuna mpishi anayevichanganya viwili hivi. Wanaovichanganya ni wasomi.

Na kosa hili lina gharama. Ndani ya asidi, ioni ya hidrojeni hupokea elektroni kutoka kwenye platini, ikawa atomi iliyoshika usoni pa metali. Hapo ama huungana na atomi jirani, ama ioni nyingine huijia palepale na kupokea elektroni yake. Kwa njia yoyote ile molekyuli hupatikana, gesi ikabanduka. Sasa mwanafunzi aliyeambiwa kuwa platini "hufyonza" ataelewaje kwamba uso hujaa? Nafasi ni takriban atomi moja ya hidrojeni kwa kila atomi ya platini iliyo juu, basi. Ataelewaje kwa nini kaboni monoksidi kidogo tu huivuruga elektrodi, ilhali haijafanya lolote ila kukalia nafasi hizo? Au kwa nini platini iliyokwaruzika hufanya kazi kuliko iliyolainishwa, hata unene ukiwa uleule? Kitenzi kimeshamdanganya kabla mwalimu hajashika chaki.

Kitenzi kinachofaa tunacho: kuambata. Hidrojeni huambata kwenye platini. Tendo lenyewe ni mwambato, na kinyume chake ni kubanduka. Kufyonza nako hakukosi kazi, kuna paladi. Thomas Graham alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba metali hiyo humeza hidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake, na ikishiba huvimba. Basi hapa andika bila hofu: hidrojeni huambata kwenye paladi, kisha hufyonzwa. Vitenzi viwili, hatua mbili, kila kimoja mahali pake. Ningeibandika sentensi hiyo kwenye kila maabara. Atakayeandika "hufyonzwa, kisha hufyonzwa zaidi" arudishiwe karatasi yake.

Kuhusu asili, "adsopsheni" lilizinduliwa na Mjerumani Heinrich Kayser mwaka 1881. Alichukua "absopsheni", yaani kufyonza, akabadilisha kiambishi cha mbele tu, mzizi akauacha uleule wa Kilatini wenye maana ya kunywa kwa kufyonza. Kwa hiyo uchafu ulianzia huko. Si sababu ya sisi kuurithi.

"Adsopsheni" nitaivumilia, kwa kuwa mtihani una lugha yake. Ila ikikaa ubaoni karibu na "absopsheni", na mwandiko wa walimu tunaujua, darasa zima litanakili neno moja mara mbili.

Inabaki "kunasa". Kilichonaswa hakitoki kwa hiari, na kwenye platini uzuri wote ni kwamba hidrojeni hushika kiasi, ikaondoka. Zebaki hata kushika haitaki, ndiyo maana gesi hutoka kwake kwa mwendo ambao ni kama moja ya bilioni ya ule wa platini. Tungsteni nayo hushika mno, kuachia ndiko kunakoisumbua. Mwalimu akitaka kusema kwamba tungsteni huinasa hidrojeni, sitampinga. Kwa platini, aambatishe.