Vipimo vya damu ni safi, lakini bega bado linauma

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kama mama, ambaye bega lake la bandia linauma na kukakamaa na sasa anasubiri upasuaji wa pili, hana maambukizi kwa kuwa vipimo vya damu alivyofanyiwa Mbeya vimetoka vizuri. Bado hamjapata uhakika huo. Katika bega, bakteria anayesumbua zaidi ni Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye mashina ya vinyweleo, hukua polepole, na mara nyingi haleti homa, usaha wala kupanda kwa CRP na ESR, yaani vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini. Kwa hiyo mwombeni daktari wa mifupa achukue, wakati wa upasuaji, walau vipande vitano vya tishu za ndani kutoka sehemu tofauti, kila kimoja kwa kifaa chake safi, na maabara ivioteshe, yaani ivitunze ili bakteria waliomo wakue na kuonekana, kwa siku 14, kwani ikivitupa siku ya 5, jibu la kutoonekana bakteria halina uzito. Kipande kimoja pekee kikiotesha bakteria, huenda ni uchafu wa ngozi. Viwili au zaidi vikiotesha bakteria yule yule, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni maambukizi ya kweli. Nawasihi, mama asinunue antibiotiki duka la dawa kabla ya vipande kuchukuliwa, maana zitaficha bakteria. Akipata homa kali au kidonda kikitoa usaha, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.